Nilimpelekea Daktari Picha ya Dada Yangu

Kama meno yako yameharibika na umechoka kuambiwa kwamba Mungu anaangalia moyo, kaa hapa nikusimulie. Moyo wangu haujawahi kuomba kazi ya kaunta ukanyimwa. Haujawahi kupangwa kwenye picha ya kipaimara ukaambiwa funga mdomo. Aliyeambiwa ni mimi.

Nilizaliwa chini ya Mlima Meru, upande ule ambao maji yanapaka meno rangi ya chai. Ukifika mkoa mwingine ukifungua mdomo tu, watu wanajua ulikotoka. Nyumbani hatukuliona tatizo, maana wote tulikuwa hivyo, mchungaji, mwalimu, bibi harusi. Tatizo linaanza ukitoka. Mimi nilitoka mpaka Brussels, nikaolewa, nikapata mimba, na mimba ikanitapisha tangu mwanzo hadi siku ya kujifungua. Meno ambayo maji yalikuwa yameyachosha, matapishi yakayamalizia. Yakaanza kumeguka pembeni, kisha jino la mbele la juu likavunjika nikiwa nakula mkate laini. Siyo mfupa. Mkate. Nilikaa jikoni na kile kipande kiganjani nikamwita mume wangu aje aone.

Mume wangu ni mtu wa Lubumbashi, fundi wa lifti, hana maneno mengi.

"Bon," akasema. "Kesho tunaenda ku dentiste. Hii si bintu bya kuchekea."

"Nani anacheka?"

Mambo ya kitaalamu waulize wataalamu. Mimi nitasema yale ambayo hakuna aliyenionya: kwamba kujengewa mdomo upya kunakula misimu yote ya mwaka na kurudia, kwamba utamwonea wivu kila kiumbe chenye meno, na kwamba mimi, katika kuyatafuta hayo meno, nusura nimtoe mtoto wangu kwa mwingine.

Wivu wangu una jina. Dada yangu anaitwa Gladness, sisi tunamwita Gladi. Tumbo moja, baba mmoja, ila alipokuwa na miaka miwili mama alimtoa kwa dada yake mkubwa aliyekuwa anaishi Dar es Salaam na hakujaliwa mtoto. Kwetu hilo si ajabu wala si kesi. Mtoto anakwenda kumchangamsha mama mkubwa, anasomeshwa, anarudi likizo amenenepa. Gladi akanywa maji ya Dar. Mimi nikanywa ya kwetu. Habari yote ni hiyo.

Meno yake ni meupe kama nazi iliyokunwa sasa hivi, yamepangana, na anayajua. Gladi akicheka anatupa kichwa nyuma mpaka unaona magego. Alinitangulia Brussels miaka mingi, akasoma, anafanya kazi ofisini, anakaa Ixelles ghorofa ya tano. Aliolewa na Mbelgiji, wakaachana, hakupata mtoto. Yeye ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege, akanivalisha koti lake, akaniambia "Karibu mdogo wangu," na mimi nikiwa nimebanwa kifuani pake nilikuwa nayatazama meno yake. Tangu siku hiyo sijaacha. Akisema jambo la kuchekesha na mume wangu akacheka, mimi siangalii mume, naangalia mdomo wa Gladi. Akitafuna hindi la kuchoma natoka chumbani.

Matibabu yalianza majani yakianza kuanguka. Kliniki ilikuwa chini kabisa ya jengo, na chumba cha kusubiri kilikuwa na joto la kuivisha ndizi, makoti ya watu yamerundikana ukutani, na ile harufu ya dawa ya meno ambayo kwa pua yangu ni karafuu tupu. Fikiria: huwezi kutafuna, umekunywa uji, umeketi kwenye harufu ya pilau. Wiki za kwanza nilikuwa natokwa na machozi kwa njaa, watu wanadhani ni woga.

Na wivu nao ulikuwa umeketi pale pamoja nami. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kizungu, mkono unatetemeka, mgongo umepinda, aliyekuja kusafishwa tu. Meno yake yote. Nikamwuliza kwa Kifaransa changu kibovu, ni yako? Akasema ni yangu, mwanangu, akanionyesha. Sikumpongeza. Kulikuwa na watoto wa shule waliokuja kuwekewa vyuma vya kunyoosha meno ambayo mimi ningeyavaa hivyo hivyo yakiwa yamepinda, nikashukuru. Walikuwa wanalalamika kwa mama zao! Ningewazaba.

Daktari wangu alikuwa mwanamke wa makamo, mikono midogo, hasemi sana. Mara ya kwanza alipoangalia mdomoni sikumwona akikunja uso, na hiyo ndiyo sababu nilirudi mara ya pili. Kuna madaktari wanaovuta pumzi wakiona. Ukimpata anayevuta pumzi, ondoka.

Kwanza alisafisha fizi, nikatema damu. Halafu yale yasiyookoleka yakang'olewa, ya mbele yakiwemo. Siku hiyo nilirudi nyumbani Ganshoren na pamba mdomoni, mdomo wa juu umekufa ganzi, mate yananichuruzika kidevuni sisikii. Mtaa wetu ni wa kimya, majirani wanasalimiana kwa vichwa, na siku hiyo nilifurahi kwamba hakuna anayesemeshana. Binti yangu Naomi alifungua mlango na baba yake. Akaniangalia, akarudi nyuma.

"Mama amepigwa," akamwambia baba yake.

Alikuwa na miaka minne. Sikuweza hata kumjibu sawasawa, maana bila meno ya mbele herufi nyingine hazitoki, zinatoka kama upepo. Nikampa mkono, hakuushika.

Majira ya baridi yalikwenda na mizizi. Kila aliyewahi kusafishwa mzizi wa jino anajua, na asiyejua asiulize. Nilipewa meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, ya plastiki, nikivaa natapika, nikivua sionekani mbele za watu. Jumatano shule zinafungwa mchana, na Jumatano ndiyo siku daktari aliyokuwa na nafasi. Nani amchukue Naomi? Mume wangu yuko ndani ya lifti ya watu. Basi Gladi akaomba ruhusa kazini, akawa anamchukua yeye, kila Jumatano, anampeleka kwake, wanapitia maduka ya Waafrika ya Chaussée de Wavre kununua ndizi za kunipikia mtori, ile supu nzito isiyotaka meno.

Na mtori ulikuwa mtamu. Mtu aliyelelewa Dar, aliyeuliza mapishi ya kwetu kwa simu! Nilikula huku nimenuna.

Naomi akirudi ana habari zake. Mama mkubwa ana rangi ya kucha. Mama mkubwa amenifundisha kuruka. Mama mkubwa anacheka hivi. Naye anatupa kichwa nyuma, kipimo kile kile. Mimi mtoto huyu nilimtapikia meno yangu yote, na kicheko amekwenda kukichukua Ixelles.

Mchana ulipoanza kurefuka nilipasuliwa fizi, nikawekewa skrubu kwenye taya ambazo meno mapya yatasimama juu yake. Unangoja mfupa uzishike. Huna la kufanya, ni kungoja tu. Shule zilipofunga kwa likizo kubwa, skrubu moja ikakataa. Uso ulivimba mpaka jicho likafumba, nikatoka usaha, nikapandwa na homa, nikarudishwa mezani ikatolewa, dawa zikanilaza. Mume wangu akaomba siku chache kazini, zikaisha. Gladi akaja na begi la magurudumu akapakia nguo za Naomi mwenyewe.

"Mpaka upone," akasema.

"Mpaka nipone," nikasema, kama ni mimi niliyeamua.

Nikapona taratibu. Naomi hakurudi. Kila nikipiga simu kulikuwa na sababu, mara kuna bwawa la kuogelea, mara amelala, mara "pumzika kwanza, mdogo wangu." Mwisho mama akapiga kutoka nyumbani, kwa video. Mama yangu ana meno ya chai kuliko yangu na mwanya mpana katikati, na hajawahi kufunika mdomo maishani mwake.

"Mwanangu," akasema, "nimeongea na dada yako. Mwachie mtoto akae naye. Shule iko karibu na kwake, ameshauliza nafasi ya Septemba."

"Ameuliza nini?"

"Nafasi. Sasa wewe mgonjwa, bado kijana, utazaa mwingine. Yeye hana. Mimi nilimpa dada yangu huyo huyo Gladi, kwani alikufa? Si ndiye anakupikia leo?"

"Mama, huyu si kuku wa kupelekeana."

"Usinijibu hivyo na mdomo umevimba."

Nilikata simu. Sijawahi kumkatia mama yangu simu. Nilimweleza mume wangu, akaweka mfuko wake wa vifaa chini. "Mutoto ni wetu," akasema. "Hapana wa dada yako, hapana wa mama yako. Kama unataka, minaenda kumukamata leo."

Ingekuwa rahisi angekwenda. Lakini mimi nilitaka kwenda mwenyewe, na nilitaka kwenda nikiwa na meno. Nilijiambia nikisimama mbele ya Gladi na mdomo ule, mtoto atatuangalia wote wawili na atachagua. Wivu unakufanya ufikiri hivyo. Unadhani mtoto ni mnunuzi sokoni.

Mwishoni mwa Agosti daktari alikuwa tayari kutengeneza meno ya majaribio, yale unayokaa nayo kwa muda kabla ya kuwekewa ya kudumu. Alikuwa ameshaniomba, kama ilivyo desturi yake kuwaomba wote, nimletee picha yangu ya zamani nikiwa nacheka, ili ajue mdomo wangu ulikuwaje. Nilitafuta. Harusi yangu, nimefunga mdomo. Kidato cha nne, nimefunga. Kipaimara mnajua. Sikuwa na hata moja. Basi nikachukua picha ya Gladi, siku ya kuzaliwa kwa Naomi, kichwa nyuma, nikaikuza kwenye simu mpaka yakabaki meno peke yake.

"Huyu ni nani?" daktari akauliza.

"Dada yangu. Tumbo moja."

"Vizuri sana," akasema. "Basi mtafanana."

Na akayatengeneza. Alipomaliza akanipa kioo. Ningependa kuwaambia nililia kwa furaha, kama kwenye video zile. Nilimwona Gladi. Meno ya Gladi yamekaa kwenye uso wangu uliokonda, kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenzake. Na bado nilifurahi! Nilifurahi vibaya, ile furaha ya mwizi. Nikasema merci, merci, nikatoka.

Mume wangu alinipokea jioni, akaniangalia muda mrefu. "Ni mazuri," akasema. Halafu: "Alors, mwanya yako iko wapi?"

"Mwanya gani? Jino lenyewe lilikatika, mwanya utakuwa wapi?"

"Mi nilikupendaka na ile mwanya."

"Na rangi ya chai ulipendaka?"

"Rangi ilikuwaka ya maji. Mwanya ilikuwaka yako."

Nilimwambia aniache. Nilidhani amezoea mke mbovu, hataki mzuri. Kwetu mwanya ni uzuri, mtu anasifiwa kwa mwanya, wala sikuwa nimesahau. Lakini daktari hakuwahi kuuona, na mimi sikuutaja, kwa sababu nilikuwa nataka ya Gladi na Gladi hana mwanya.

Kesho yake nikapanda basi kwenda Ixelles. Kumringia, ndiyo, na kumchukua mtoto. Gladi alifungua mlango. Nikatabasamu, kwa mara ya kwanza bila mkono mdomoni. Yeye hakutabasamu.

Naomi akaja mbio, akasimama, akaniinamisha kichwa aone vizuri. "Mama! Hayo ni ya mama mkubwa."

"Naomi, nenda kaangalie katuni," Gladi akasema. Mtoto alipoondoka akaniuliza polepole, "Umempelekea daktari picha yangu?"

"Nani kakwambia?"

"Nina kioo humu ndani." Akanisogelea. "Mwanya wa mama uko wapi?"

"Na wewe? Nyumba nzima mmechanganyikiwa na mwanya! Wewe unao? Huna. Na bado kila mtu anakuangalia wewe."

"Sina ndiyo." Akaketi kwenye mkono wa kochi. "Mama alikuwa anakuja Dar Krismasi. Mama mkubwa ananisukuma mgongoni, msalimie mama mdogo wako. Mama mdogo! Namwangalia mdomoni tu, natafuta ninapofanana naye. Nikawa nakwenda chooni na kijiti cha kiberiti, nakichomeka katikati ya meno yaachane. Nalala nacho. Natoka damu. Hayakuachana. Halafu unakuja wewe likizo, mchafu, magoti yana vumbi, na mwanya wako, na unamwita mama bila hata kufikiri. Leo umeusawazisha. Umekwenda kujifananisha na mimi. Wewe mjinga kweli."

Miaka yote nimeyaonea wivu meno ya mtu aliyekuwa anayachokonoa na kijiti cha kiberiti. Ningetakiwa kumhurumia hapo, na msomaji mwema angependa nimhurumie. Lakini hasira ndiyo iliyofika kwanza.

"Kwa hiyo unajua," nikasema. "Unajua ilivyo kusukumwa mgongoni. Na umekwenda kuulizia shule."

"Najua."

"Na bado unamtaka."

"Bado namtaka," Gladi akasema. "Namtaka kila siku akiwa hapa na kila siku akiwa hayupo. Sitakudanganya."

Angenidanganya ningemsamehe upesi zaidi. Nikamwambia hapana. Sikupamba. Hapana, Gladi, sikupi, si mwaka mmoja, si mpaka nipone, si kwa sababu mama kasema. Utakuja kwangu, utamchukua Jumatano kama nikikuomba, lakini analala kwangu.

Ya daktari niyamalizie hapa hapa, kwa sababu mwisho wa habari hii si kwa daktari. Wiki iliyofuata nilirudi nikamwambia nataka nafasi katikati ya meno mawili ya mbele. Akadhani Kifaransa changu kimeniponza. Akanieleza kwa upole kwamba watu wanakuja kwake awazibie hiyo nafasi. Nikampigia mama kwa video, nikampa daktari simu, nikasema, cheka, mama. Mama, aliyekuwa bado amenuna kwa kukatiwa simu, akacheka kwa sababu daktari alimpungia mkono. Daktari akatazama, akachukua kalamu akajichorea, akauliza tu upana. Ya kudumu niliwekewa majani yakianguka tena. Kwa hiyo wewe unayesoma, usipeleke picha ya mtu. Kama huna picha yako ukicheka, peleka mtu wenu. Na sema mapema unachokipenda kwenye mdomo wako ulioharibika, maana wao wanaona ubovu tu.

Siku ile Ixelles, basi, Gladi alikwenda chumbani akarudi na begi la magurudumu na viatu. Akapiga magoti akamvisha Naomi, akafunga kamba kushoto, akafungua, akafunga tena. Nilimwacha. Ningeweza kumwambia aharakishe, na nilitaka, lakini nilimwacha.

Naomi alipoelewa kwamba anaondoka alipiga ukelele uliomtoa jirani nje. Akashika sketi ya Gladi kwa mikono miwili. Nikambandua. Kwenye lifti akaning'ata mkono, kwa nguvu zake zote, hakuachia mpaka mlango ulipofunguka chini. Mzee aliyekuwa anangoja lifti na mbwa wake akatupisha.

Basi lililosimama kituoni mbele ya jengo lilikuwa limejaa nusu. Naomi akakimbia akakaa siti ya dirishani, akaweka begi lake pembeni ili nisikae, akageukia kioo. Nilisimama nimeshika bomba, mkono unapwita, wivu wangu uko pale pale kama ulivyokuja. Nilijua anamtazama Gladi dirishani juu, ghorofa ya tano, na nilijua Gladi yuko pale.

"Wewe mbaya," akasema bila kugeuka.

"Ndiyo," nikasema. "Mbaya, na ndiye mama yako. Toa begi nikae."

Hakutoa. Basi likaanza kutembea, likakata kona, Ixelles ikapotea nyuma. Akalivuta begi miguuni, akasogea kidogo, kiasi cha nusu ya kalio.

Nikakaa hivyo hivyo.